Diski ya Bwana Asaad

Katika siku ya sitini na tatu ya eda yake, Bi Muzna alisikia kompyuta ya marehemu mumewe ikigonga. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama wa ukucha juu ya kigae: mara tatu, kimya, kisha mara tatu tena. Alikuwa ameiwasha ili atazame picha moja tu, na picha ile ilichukua muda wa kuchemsha chai kabla haijatokea. Akaizima palepale. Akamwita mwanawe Wael, akamwagiza atafute fundi, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa wa kutoka nyumbani mpaka itimie miezi minne na siku kumi.

Fundi alifika nyumbani kwao Raskazone kesho yake, saa tatu asubuhi. Jina lake Mathew, Mbondei wa Muheza mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta kule Ngamiani. Alikaa sebuleni pamoja na Wael. Bi Muzna alikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kiti chake kikiwa kimeegemezwa mlangoni ili asipitwe na neno.

"Shikamoo, mama," Mathew alisema akilielekea pazia. "Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Isikilize hiyo kwanza, kisha uniambie kweli."

Mathew aliiwasha, akainamisha sikio juu ya vibonye, akafungua programu yake ya kupimia diski. Alichukua muda. Bi Muzna alihesabu mlio ule ukirudi mara nne.

"Huenda ni diski, huenda ni waya wa umeme," Mathew alisema hatimaye. "Lakini kipimo kinaonyesha sehemu mia mbili na ushei ambazo hazisomeki tena. Ingekuwa yangu, ningebadilisha."

"Ungebadilisha kwa sababu unauza diski," Wael alisema. "Wabondei nawajua mimi."

"Na nyinyi Waarabu mnasubiri kitu kishazikwa ndipo muulize dawa yake."

Wakacheka wote wawili. Nyuma ya pazia hapakuwa na kicheko.

"Itaishi muda gani?" Bi Muzna aliuliza.

"Hapo, mama, hakuna ajuaye. Yaweza kuishi mwaka. Yaweza isifike adhuhuri. Njia ziko mbili. Tuizime sasa hivi, nimpelekee mtu Dar es Salaam mwenye vifaa vya kuifungua. Wiki tatu, nne, na ahadi hatoi. Au niiunganishe na hii mpya kwa waya, ninakili vilivyomo, kisha nibadilishe leo leo. Ila kule kunakili ndiko kunakoichosha. Kwa hiyo mniambie kipi kitangulie, maana ikifia njiani tutabaki na kile kilichotangulia."

Ndani ya diski mlikuwa na folda mbili zenye maana. Ya kwanza Bwana Asaad aliipa jina la Nyumbani, nayo ilibeba picha za miaka ishirini: harusi, hija, watoto siku ya kuhitimu madrasa. Ya pili iliitwa Mkwaja. Huko Mkwaja ukoo wake ulikuwa na shamba kubwa, na tangu enzi za baba yake wanakijiji waliruhusiwa kwa kauli tu kupanda minazi humo. Ardhi ilikuwa ya ukoo. Mnazi ulikuwa wa aliyeupanda. Karatasi haikuwapo. Ndiyo maana kwa miaka kumi na moja Bwana Asaad alikwenda huko na kibao cheusi na chaki, akaupa kila mnazi namba, akampiga picha mwenye mnazi akiwa amesimama kando ya mti wake. Alipofika minazi mia tatu na kumi na mbili, akaugua.

Sasa ndugu zake walikuwa wanakutana Jumamosi, siku nne tu mbele, pamoja na mnunuzi aliyetaka ardhi na kila kilichosimama juu yake. Wiki tatu za Dar es Salaam hazikuwapo.

"Nyumbani kwanza," Wael alimwambia fundi.

"Ngoja," ilisema sauti ya nyuma ya pazia.

"Mama, nakuomba. Wenye minazi si wapo hai? Watajisemea."

"Watajisemea, na ami zako watauliza ushahidi uko wapi. Mzee Kombo ana minazi arubaini pale. Atatoa nini mfukoni, nazi?"

"Na mimi je?" Wael aliinua sauti, kisha akakumbuka kwamba kuna mgeni, akaishusha. "Nilikuwa Maskati. Nilipofika mlikwisha kumzika. Sikumwona hata uso. Minazi ina picha mia tatu, baba yangu asiwe nayo hata moja?"

Mathew alijishughulisha na waya uliokuwa tayari umekwisha kuunganishwa.

Katika folda ile ya Nyumbani ilikuwamo picha ambayo Bi Muzna aliifungua jana: Asaad akimenya chungwa barazani, kinywa wazi, akisema jambo. Hakukuwa na nakala nyingine. Simu iliyoipiga ilikwisha kuibiwa.

"Za nyumbani ni zetu," alisema. "Tukizipoteza, tumejipotezea wenyewe. Hizo za Mkwaja ni amana ya watu, tumeshikishwa. Mathew, anza na Mkwaja."

"Nikishaanza, mama, si vizuri kuikatiza."

"Usiikatize."

Mstari wa kijani ulianza kutambaa kiooni. Wael alisimama dirishani akiutazama mpera wa jirani. Mlio uliendelea, safari nyingine ukifuatana, na kila ulipofuatana mstari ulisimama, kisha ukajikokota tena. Adhuhuri iliadhiniwa. Bi Muzna aliswali kulekule ndani, akarudi kitini. Saa saba kasorobo Mathew alisema, "Mkwaja imekwisha, yote," akaianza folda ya Nyumbani.

Zilipita picha kumi na nne, zote za harusi ya binamu. Kisha diski ikagonga bila kituo, ikanyamaza. Mathew aliizima, akaiacha ipoe, akajaribu tena mara mbili.

"Ndiyo basi, mama," alisema.

"Alhamdulillahi," Bi Muzna alijibu. "Weka mpya. Hiyo ya zamani mpelekee huyo mtu wako wa Dar es Salaam. Kwa sasa haraka haipo."

Fundi alipoondoka, Bi Muzna alitoka nyuma ya pazia, akaketi mbele ya kompyuta. Alitaka kuhakikisha kwamba picha zinafunguka. Wael hakutaka, lakini mama hakujua kibonye cha kusogezea, basi akaketi naye.

Mnazi namba moja ulifunguka mara moja. Mzee Kombo alikuwa amesimama kando yake, amekaza shingo kama askari. Upande wa chini kulikuwa na kibao, na kibao kilikuwa kimeshikwa na mkono wa kushoto, wenye pete ya akiki na, kwenye kidole gumba, kovu la panga.

Wael aliuangalia. Akasogeza. Mnazi wa pili ulikuwa na mkono uleule. Wa tatu pia. Katika yote Bwana Asaad alishika kamera kwa mkono wa kulia, na kibao kwa wa kushoto.

Waliendelea kusogeza. Karibu na mnazi wa mia moja ngozi ya mkono ilianza kulegea. Kufikia mia mbili pete ilikuwa imehamia kidole cha kati, maana kile cha awali kilikwisha kukonda.

"Hiyo saa ya mkononi," Wael alisema.

"Ndiyo ile uliyomletea kutoka Maskati. Hakuivua."

Picha za mwisho zilikuwa na ukungu, kwa sababu mkono ulikuwa ukitetemeka. Mama akataka kujua kama namba zinasomeka, kwani hilo ndilo watakaloliuliza Jumamosi.

"Zinasomeka," Wael alijibu, akavuta karatasi, akaanza kuandika majina ya wenye minazi kuanzia namba moja.