Sweta ya Agosti

Mume wangu Gichuki ni dereva wa teksi hapa Springfield, Marekani, na alijifunza kufuma akiwa kwenye foleni ya kungoja abiria uwanja wa ndege. Kwao Nyeri kwenye baridi, mtoto hakaribishwi duniani bila sweta ya sufu.

Alipoanza kumfumia mtoto wetu, nilimfokea. "Mtoto ni wa Agosti! Springfield Agosti ni jiko. Unataka kumpika?"

Akacheka, akanunua uzi mwingine wa manjano. Madereva wenzake walimcheka wiki moja. Wiki ya pili walikuwa wakibishana kuhusu vifungo.

Uchungu uliponishika nikampigia simu. "Gichuki, kimbia! Mtoto anakuja!"

Nyuma yake nikasikia madereva wakishangilia.

"Makena mpenzi," akasema, "mwambie angoje kidogo. Nimebakisha mkono mmoja."