Kikombe cha Baba Dukani kwa Xavery

Nilitoka nyumbani asubuhi nikiwa na kikombe cha bati cha baba kwenye mkoba, pamoja na kijiko chake. Wifi yangu Gaudensia akanisimamisha mlangoni. "Kikombe unakipeleka wapi? Baba akitaka kuita je?" Nikamwambia leo atakaa naye yeye, amwangalie kwa macho. Akanuna. Anune tu.

Tangu kiharusi kimpige, baba huita kwa kugonga kikombe hicho. Ulimi umekuwa mzito, kusema "maji" tu ni kazi. Na huyu ndiye mwalimu Baltazar, aliyefundisha kwaya ya kigango chetu miaka ishirini na sita! Neno lake lilikuwa moja: "Rudia!" Ukikosea, rudia. Ukipatia, rudia tuone kama hukubahatisha. Mimi mwanawe nimerudia hadi nikalia, mbele za watu.

Sasa kwaya hataki hata kuisikia. Tulirekodi nyimbo nane, na kazi ya kumiksi nikapewa mimi kwa sababu nina laptopu. Siku ya kwanza nilipofungulia spika, baba aligeukia ukutani machozi yakimtoka. Nikazima. Nikaazima hedifoni za Margwe wa sauti ya nne, zile kubwa zinazoziba masikio kabisa, nikamiksi kwa raha zangu saa nzima. Nilipozivua nikamkuta baba sakafuni, kikombe mkononi. Alikuwa amegonga na kugonga hadi amechoka. Na mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia, hatua nne!

Nilijichukia siku ile. Gaudensia hakunionea haya: "Kwaya au baba. Chagua."

"Sichagui. Nitafanya vyote."

"Mshika mbili moja humponyoka, wifi."

"Mimi nina mikono miwili," nikamjibu.

Ndiyo maana nikaenda Dongobesh, kwenye duka la simu la Xavery. Akanishushia boksi linalong'aa. "Dada Marieta, chukua hizi. Ukizivaa, hata ng'ombe akilia mlangoni humsikii."

"Hizo ndizo nisizozitaka." Nikachomeka hedifoni kwenye simu, nikafungua wimbo wetu, kisha nikampa kikombe na kijiko. "Nenda nyuma yangu hatua nne. Gonga ukitaka, usiniambie lini."

"Nigonge kikombe?"

"Gonga!"

Zile zinazong'aa zilikuwa na mdundo wa kutetemesha meno. Nilipogeuka, Xavery alikuwa ameshagonga mara sita. Hapana. Nyekundu nazo nikasikia mara moja kati ya tano. Hapana. Mzee mmoja aliyekuja kununua betri akauliza, "Huyu binti amerogwa?"

"Shikamoo mzee," nikamwamkia. "Sijarogwa, nachagua."

"Marahaba. Haya, chagua," akasema, na akabaki kutazama.

Jozi ya sita Xavery aliitoa chini ya meza, imejaa vumbi. "Hizi utanilaumu. Nyuma zina matundu kama chujio. Kelele za nje zinaingia, na wimbo wako unavuja kidogo. Kuna mteja alizirudisha." Nikazivaa. Mdundo ulikuwa mdogo, lakini sauti zote nne nilizisikia, kila moja mahali pake. Halafu nyuma yangu, ting.

"Umegonga!"

"Kwa ukucha tu," akasema Xavery, naye ameshangaa.

"Nifungie."

Siku mbili nikafanya kazi nyuma ya pazia, sauti nimeishusha chini. Baba akigonga, nafika kabla hajagonga mara ya pili. Maji. Mto. Blanketi. Gaudensia akaniletea chai nyuma ya pazia, na kwa Gaudensia hiyo ni sifa kubwa.

Siku ya tatu nilikuwa kwenye wimbo wa nne, pale sauti ya tatu inapochelewa kuingia. Nikapacheza tena na tena. Ting! Nikaenda na laptopu mikononi, hedifoni shingoni, wimbo bado unavuja. Maji hakutaka. Kugeuzwa hakutaka. Alikuwa ananitazama shingoni.

Mungu wangu, nikajua nimemuumiza tena. "Samahani baba, nazima."

Ting! Aligonga kwa hasira, macho hayatoki kwenye hedifoni. Nikazivua, nikamvalisha yeye, nikauanza wimbo mwanzo.

Alisikiliza akitazama dari. Machozi yalimtoka, lakini safari hii hakugeukia ukutani. Ilipofika zamu ya sauti ya tatu, kidole cha mkono ule usioguswa na kiharusi kiliinuka kuwaita waingie. Wakachelewa. Baba akakunja uso.

Wimbo ulipokwisha nikanyoosha mkono nimvue. Akanishika kiganja. Mdomo ukahangaika, ukalitafuta neno, nami nikangoja nikidhani ni maji.

"Ru," akasema. "Ru... dia."

Nikarudia huku nalia, kama zamani.