Yule Mrefu Asiyeitikia Salamu

Macho yalipoanza kumsumbua, mama mmoja mshonaji aliiacha cherehani yake akatafuta kazi isiyohitaji kutunga uzi. Akaipata kwenye duka kubwa la vyakula na vyombo: kusimama mlangoni na kukaribisha wateja. Wafanyakazi wenzake wakambatiza Shangazi. Mume wake alicheka mpaka akapaliwa na chai. "Yaani unalipwa kusalimia watu? Wewe hiyo si ungeifanya hata bure!"

Kumbe kazi ilikuwa na mambo yake. Mji ule ulijaa watu wa kila nchi, waliofuata kazi viwandani. Wengine ukiwaambia "Habari za asubuhi, karibuni," wanasimama, wanaanza na hali ya mama mkwe na kumalizia na goti linalouma, huku walio nyuma yao wamebanana. Wengine wanakumbatia mikoba kana kwamba wamesalimiwa na kibaka. Bibi mmoja mgeni aliinama. Shangazi naye akainama. Bibi akainama zaidi, mpaka ule mlango unaojifungua wenyewe ukachanganyikiwa. Siku hiyo Shangazi alirudi nyumbani kiuno kinamuuma, lakini roho imemsuuzika.

Aliyemshinda alikuwa mmoja tu, fundi mitambo kutoka nchi ya mbali, mrefu kama nguzo ya umeme. Kila asubuhi alipita akitazama sakafu, akachukua mkate, akaenda zake. Salamu wala haikumgusa.

"Muache," mume wake akamwambia wakiwa mezani. "Mtu hataki, unamng'ang'ania wa nini?"

Akaona ni kweli. Asubuhi iliyofuata, Mrefu alipotokea, Shangazi akajitia kupanga vikapu. Mrefu akapita. Akasimama. Akatoka nje, akaingia tena. Shangazi akazidi kupanga vikapu vilivyokwisha kupangika. Yule bwana akaenda moja kwa moja kwa meneja.

Punde Shangazi akaitwa ofisini. Alijua kibarua kimeota nyasi.

"Mama," Mrefu akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, uso umemwiva, "mimi nimekosa nini? Leo hukunisalimu."

"Mimi? Si wewe usiyeitikia?"

"Naitikia."

"Saa ngapi?"

"Moyoni." Akatazama sakafu. "Kwetu, mtu usiyemjua akikusalimu, anauza kitu, au ana shida na wewe. Kwa hiyo naogopa, napita. Lakini hapa naishi peke yangu. Sauti ya kwanza asubuhi ni yako. Leo hakuna. Nikasema, sasa hata yeye amenichoka."

Meneja akageukia dirishani kuficha kicheko. Shangazi hakuficha, alicheka mpaka machozi. Kisha akaona haya kidogo, maana mtu wa watu alikuwa amesema la moyoni.

"Baba, sijakuchoka. Nilidhani nakukera."

"Hapana. Endelea. Ila polepole. Na usinitazame sana."

Kesho yake Shangazi akanong'ona, "Habari za asubuhi," macho ameyatupa pembeni. Mrefu akatembea hadi kwenye mikate, na huko, bila kugeuka, akapaza sauti: "Nzuri!" Wateja wawili wasiohusika wakaitikia, "Salama!" Shangazi alitaka kupiga kigelegele, akajizuia asije akamkimbiza.

"Si nilikuambia umuache?" mume wake akajigamba jioni.

"Uliniambia, ndiyo. Nusura unikosanishe na rafiki yangu."