Kifua Kinapanda

Tangu asubuhi Madamu Odeta alikuwa akimsubiri Alexander kwa hamu, na hamu yenyewe haikuwa ya heri. Kijana huyo alimwigiza kantini mbele ya darasa zima, mwendo wake wa kuchechemea na Kiswahili chake cha Bukoba, watu wakacheka mpaka chai ikawapalia. Leo ameingia mwenyewe kwenye kumi na nane zake: mtihani wa mwisho wa vitendo, kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Akifeli, anarudia mwaka.

"Shikamoo, madamu."

"Marahaba. Mtoto huyo hapumui. Anza."

Mtoto alikuwa mdoli wa mpira mezani. Alexander akaanza kutamka, maana pale chuo cha ukunga Ilemela mtihani ulikwenda hivyo: ulichokitamka kinahesabiwa umekifanya.

"Nanawa mikono," akasema, mikono mikavu. "Namkausha mtoto. Naweka sawa kichwa chake. Nampa hewa." Akaweka barakoa usoni pa mdoli, akabonyeza mfuko wa hewa. "Kifua kinapanda."

Wapi! Barakoa ilikaa upande, hewa yote ikaishia shavuni.

"Kinapanda wapi?" Odeta akauliza. Moyo ulimcheza kwa furaha, tuseme ukweli.

"Madamu, nimeshatamka."

"Mtoto wa watu amekufa hapa, wewe unanisimulia! Umefeli. Toka."

Nestory, mratibu wa mtihani, alisikia kelele akaja mbio. "Madamu, mpe alama zake. Utaratibu unaujua."

"Simpi. Huyu hawezi kumzalisha mtu."

"Unanifelisha kwa sababu ya kantini!" Alexander alifoka. "Wenzangu wote wametamka hivi hivi, ukawapa alama. Rebeka hata mfuko hakuugusa, na ukampa hongera!"

Odeta akaitazama karatasi ya alama za asubuhi. Ilikuwa kweli. Asubuhi nzima alisikiliza kwa masikio tu, macho yakiwa mlangoni yakimtafuta huyu mmoja. Vifua vya waliotangulia hakuvitazama kabisa. Aliona aibu, na akamchukia kijana maradufu kwa kumwaibisha.

Nje vigelegele vilikuwa vimepamba moto. Wanafunzi waliomaliza mtihani walipigana picha juu ya mawe, wengine tayari na mabegi mgongoni wakiwahi kivuko cha Kamanga.

"Waite wote," akamwambia Nestory. "Wanarudia mtihani, na safari hii sitaki kusikia neno."

"Madamu, watakuchukia."

"Kwani sasa wananipenda?" Akamsukumia Alexander mdoli. "Unaanza wewe. Funga mdomo, fanya."

Nestory akatoka huku akitikisa kichwa. Muda si mrefu vigelegele vikakatika, na mtu wa kwanza kumtukana Odeta kwa sauti alikuwa Rebeka.