Mwiba Mwekundu wa Nyigu

Odell Pettaway alikikunja kipande cha msasa, akakikunjua, akakikunja tena. Mbele yake, kwenye meza ndefu ya stoo iliyo chini ya jukwaa la uwanja wa Tolliver, helmeti nyeusi zilipangwa safu mbili, kila moja ina nyigu wa manjano ubavuni. Kazi aliyopewa ilikuwa rahisi kuitamka: kwangua nyigu, paka bluu, chora upanga mweupe. Kesho jioni timu ya futiboli ya Kimarekani inaingia uwanjani. Tangu Jumatatu alikuwa hajakwangua hata mguu wa nyigu mmoja.

Si kwamba alikaa bure. Alibadilisha mikanda ya kidevu ambayo haikuwa na kasoro. Alifagia, akapanga viatu kwa ukubwa, akavipangua, akavipanga upya kwa rangi ya kamba. Alifua jezi ambazo hazijavaliwa. Odell hakuwa mtu wa kutulia hata siku njema, na wiki ile ndiyo kabisa: akikaa anasimama, akisimama anakwenda mlangoni kutazama mbingu ya Georgia iliyojaa mawingu yasiyonyesha, anarudi, anashika msasa, anauweka.

Msimu uliopita helmeti hizo zilikuwa za Shule ya Mtaa wa Gaines, shule yetu sisi weusi. Jaji alipoamuru watoto wote wa Tolliver wasome pamoja, bodi ya elimu ikatafuta njia fupi: yetu ikafungwa, watoto wakapelekwa kwa wazungu. Amri hiyo tuliidai miaka mingi, na ilipokuja tulishangilia, siwezi kusema uongo. Ila hakuna aliyetuambia kwamba jina litabaki lao, wimbo wao, rangi yao na upanga wao. Vikombe vyetu vilitupwa kwenye lori la taka mwezi wa Juni, mchana kweupe. Odell aliwahi kuokoa kimoja, nacho kimevunjika mkono.

Kinachokera zaidi, helmeti zenyewe zilitoka kwao. Wazungu wakinunua mpya, zile kuukuu ziliteremshwa Mtaa wa Gaines ndani ya magunia, upanga ukiwa bado ubavuni, na tulitakiwa tuseme asante. Kila Agosti Odell aliukwangua upanga huo mpaka ukawa unga mweupe magotini pake. Hakuacha hata mstari. Alisema mtoto wa watu hawezi kwenda kugongana na dunia huku amebeba kichwani alama ya mtu mwingine. Ndipo anapaka nyeusi, anasubiri, anapaka tena, halafu anamchora nyigu.

Nyigu huyo alimbuni mwenyewe. Mwaka wa kwanza alikata kadi moja ya umbo, akaitumia pande zote mbili, na timu ilipoingia uwanjani watu wakaona kwamba upande wa kushoto nyigu anaruka kwenda mbele na upande wa kulia anaruka kinyumenyume. Wapinzani waliimba mechi nzima kwamba mdudu wetu anakimbilia nyumbani kwa mama yake. Tangu hapo Odell alikuwa na kadi mbili, ya kushoto na ya kulia. Jicho la mdudu alilifanya kali, nyusi zimekunjwa, na mke wake Verlene hakuacha kulalamika kwamba uso ule ni wa mama yake mzazi. Odell hakuwahi kukubali wala kukataa.

Halafu kulikuwa na mwiba. Mwiba wa nyigu ulikuwa wa manjano kama mwili wake, isipokuwa kwa mchezaji aliyefika mwaka wa mwisho. Huyo aliitwa stoo, akasimama kando ya meza bila kusema neno, mama yake amesimama mlangoni, na Odell akampakia mwiba mwekundu. Aliyekuwa mtoro hakupakwa. Aliyemtukana mwalimu alirudishwa mpaka aombe radhi. Wako wanaume wazima kwetu, wenye wajukuu, ambao ukiwauliza habari za shule watakwambia siku waliyopakwa mwiba.

Adhuhuri Kocha Haskell alichungulia. Alikuwa mzungu wa umri wa watoto wa Odell, shingo nyekundu kwa jua, filimbi kifuani.

"Odell, zimefika wapi?"

"Zinakwenda, Kocha."

Kwetu hakuna aliyemwita Odell bila kutanguliza mzee. Kocha hakuwa na ubaya. Siku ya kwanza alimpa Odell mkono mbele ya watu, na hapa Tolliver hilo lilizungumzwa wiki nzima. Aliingia ndani, akaziona helmeti, akaona kwamba haziendi popote.

"Nilijaribu," alisema. "Niliwaambia bodi tumweke huyo nyigu hata kwenye soksi. Wakakataa."

"Kwenye soksi?"

"Ndiyo."

"Nyigu ndani ya kiatu, Kocha? Si atamuuma mvaaji mwenyewe?"

Kocha alicheka kidogo, akaacha. "Kesho asubuhi nizikute bluu. Mwenye nyigu kichwani hachezi. Si maneno yangu, ya bodi."

"Nimesikia."

"Na kesho ndiyo anakuja yule mtu wa chuo kumwangalia Tarver. Usimharibie kijana."

Alitoka. Odell alienda mlangoni, akarudi. Neno la mwisho ndilo lililomchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Lucious Tarver alikuwa mkimbiaji wetu, yule wa kukimbia na mpira, nahodha wa Mtaa wa Gaines, na kwa miguu yake tu angeweza kusomeshwa chuo bure. Mama yake alikuwa anapiga pasi nguo za wazungu wa upande wa pili wa reli. Nafasi kama hiyo haigongi mlango wa nyumba yao mara mbili.

Verlene alikuja na kambare wa kukaanga, mkate wa mahindi na chupa ya chai baridi yenye sukari. Aliiweka sahani pale penye nafasi, katikati ya nyigu.

"Umekwangua?"

"Bado."

"Wewe Odell! Kama hutaki, sema hutaki, tuache kazi, tuhangaike kwa heshima. Kama unataka, kwangua. Lakini hii ya kugeuka kitandani usiku kucha kama mtu mwenye chawa, mimi imenichosha."

"Mkono unakataa."

"Mkono ni wa nani? Wa jirani?"

Odell alikula matonge mawili, akasimama. Aliishika helmeti ya kwanza, akaukaza msasa juu ya bawa la nyigu, na macho yakamjaa machozi. Aliona aibu kulia mbele ya sahani ya samaki. Verlene aliangalia pembeni, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Kama ungekuwa upanga, ningekuwa nimemaliza Jumatatu," Odell alisema.

"Najua."

Mazoezi yalipokwisha, Lucious Tarver aliingia, jasho linamtiririka, helmeti yake kwapani. Vijana wa Mtaa wa Gaines walikuwa wakifanya mazoezi na zile nyeusi, wakizirudisha stoo kila jioni. Alimwamkia Verlene, akamwamkia Odell, akabaki akiizungusha helmeti mikononi.

"Mzee Odell, wenzangu wanasema nyigu akikwanguliwa, kesho hawavai jezi. Wote wanatoka."

"Na wewe?"

"Mama anasema nicheze hata nikivalishwa sufuria."

Verlene alicheka. "Mama yako ana akili."

"Anazo," Lucious alisema, lakini hakucheka. Aliiweka helmeti mezani, mwiba ukimwelekea Odell. "Mimi nimekuja kwa jambo lingine. Huu ni mwaka wangu wa mwisho."

Odell alijua neno hilo lingekuja, na wiki nzima alikuwa akilikimbia kuliko alivyoukimbia msasa. Kijana huyo alianza kuuliza habari za mwiba mwekundu tangu hajaota ndevu. Hakuwa mtoro. Hakuwahi kumtukana mwalimu. Alikuwa na haki yake kamili.

"Sikiliza, mwanangu," Odell alisema. "Nisikufiche kitu. Rangi mbichi haikwanguki. Ukiisugua inavutika kama ulimbo, ukipaka nyingine juu yake inajikunja. Tina ya kuyeyushia rangi siwezi kutia, inakula plastiki, nayo helmeti itakupasukia kichwani. Na nyekundu hii ni ya mafuta, si kama ile bluu ya kukauka haraka; kwa unyevu huu wa leo haikauki mpaka Jumamosi. Nikikupaka sasa hivi, kesho unakuwa na nyigu. Na mwenye nyigu hachezi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na yule mtu wa chuo atakaa jukwaani akuangalie umeketi."

Lucious alizunguka meza. Alipita nyuma ya Verlene, akafika kwenye rafu ya viatu, akagusa kimoja, akarudi. Nje vijana walikuwa wanaoga kwa mpira wa maji, wanapigiana kelele, na kelele za weusi zilikuwa upande mmoja wa bomba na za wazungu upande mwingine.

"Mzee, na nikicheza na upanga, nikafika huko chuoni," alisema, "wakiniuliza nimetoka shule gani, nawaambia nini?"

"Utawaambia Tolliver."

"Sikutoka Tolliver. Nina wiki tatu Tolliver."

Lucious akasimama kando ya meza, mikono nyuma, vile walivyosimama kaka zake kabla yake.

"Paka, mzee."

"Lucious!" Verlene alisema. "Mama yako hayupo hapa."

"Basi simama wewe mlangoni, shangazi. Nitamweleza mwenyewe."

Verlene alimtazama mumewe, kisha kijana. Nilimsikia baadaye akisema kwamba alitaka kumvuta sikio amtoe nje. Badala yake alijifuta mikono kwenye aproni, akaenda kusimama mlangoni, mgongo umenyooka, kama mama yeyote wa Mtaa wa Gaines.

Odell alifungua kopo la rangi nyekundu. Utando ulikuwa umeshika juu, akautoboa kwa kijiti, akakoroga. Brashi ya mwiba ilikuwa nyembamba, ya nywele chache. Alianzia kwenye kiuno cha nyigu, akavuta taratibu kuelekea ncha, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Kazi yenyewe haikuchukua muda. Lucious alipumua kwa nguvu ilipokwisha, na chozi likamshuka, naye hakulifuta.

Odell alikuwa anafunika kopo.

"Bado, mzee. Na wenzangu, akina Dewitt?"

"Dewitt ana mwaka mmoja mbele. Cleophus ana miwili."

"Mwaka upi?" Lucious aliuliza. Sauti ilimpanda. "Mwaka upi huo walio nao? Nyigu hana mwaka mwingine, mzee. Mwaka huu wote ni wa mwisho."

Odell alikiweka kifuniko mezani. Tangu Juni watu wazima wa Mtaa wa Gaines, pamoja na mchungaji wetu, tulikuwa tumelizunguka neno hilo bila kulisema.

"Kawaite," alisema. "Lakini waeleze kwanza. Asiyetaka, asilazimishwe."

Wote walikuja. Waliingia mmoja mmoja, wakiwa na taulo shingoni na helmeti kwapani, hata wenye utani wakanyamaza walipomwona Verlene mlangoni. Odell aliwapaka wote. Hakuruka mtu, hata Cleophus ambaye alikuwa na sifa ya utoro, ingawa huyo alimkazia macho kwanza mpaka kijana akainamisha kichwa. Stoo ilinuka rangi. Nyigu walikaa safu mbili, na miiba yote ilimeremeta.

Kocha Haskell alirudi kuchukua filimbi aliyoisahau. Vijana walimpisha. Aliingia hadi mezani, akainama, akanyoosha kidole akagusa mwiba mmoja. Kidole kilirudi chekundu.

"Odell. Hii ni nini?"

"Ni mwiba, Kocha. Kwetu huwa tunawapaka."

"Itakauka lini?"

"Jumamosi. Ikinyesha, Jumapili."

Kocha alielewa. Uso ulimwiva hadi masikioni. "Tarver, unajua kesho anakuja nani?"

"Najua, Kocha."

"Unajua, halafu ukakubali?"

"Mimi ndiye niliyeomba."

Odell alichukua kitambaa kwenye msumari, akakiweka mezani mbele ya kocha. Hakukitupa, alikiweka vizuri.

"Kuzifuta unaweza," alisema. "Itasambaa, zitaharibika sura, lakini nyigu atafutika, na bluu utapaka hata kama itajikunja. Kwa mbali jukwaani hawataona. Mimi sitakuzuia, na vijana hawatakuzuia. Ila kwa mkono wangu, hapana. Upanga wenu niliukwangua miaka yote hiyo kwa sababu mliutupa. Huyu hatujamtupa."

Kocha alikitazama kitambaa. Alikinyanyua, akasogea kwenye helmeti iliyokuwa karibu naye, ambayo ilikuwa ya Lucious, akakileta kitambaa mpaka kikawa juu ya mwiba. Verlene alifumba macho. Lucious hakufumba. Alimwangalia kocha usoni, si mkono.

Kocha alikirudisha kitambaa mezani. Alitoka bila filimbi, wakamsikia akipanda ngazi za saruji kuelekea uwanjani.

Walisogea mlangoni kumtazama. Ofisi ya bodi, alikoweza kwenda kushtaki, ilikuwa kushoto; gari lake la kumrudisha nyumbani lilikuwa kulia. Alifika katikati ya uwanja, akasimama, mkono ameuweka mbali na suruali yake nyeupe isije ikachafuka kwa rangi ya kidole.

"Anakwenda wapi?" Verlene aliuliza.

"Bado hajaenda," Odell alisema.