Pacha Aliyebaki Naguru

Aloyo, mke wa polisi, alifika kliniki kutoka kambi ya Naguru akiwa na mtoto mmoja mgongoni. Serikali ilikuwa ikiwagawia maziwa ya unga akina mama wenye watoto waliokonda. Mtoto wake alipimwa, akaonekana mwepesi mno. Ilibaki kuandikishwa tu.

"Jina la mtoto?" aliuliza karani, Bwana Okullo.

"Acen."

Okullo aliweka kalamu chini. Kama Aloyo, alikuwa mtu wa kaskazini, na kwao kila mtu anajua kwamba Acen ni jina la pacha wa pili, na wa kwanza huitwa Apio.

"Na Apio yuko wapi?"

Mwaka huo sukari iligawiwa kwa foleni, mtu mmoja kilo moja, na aliyeomba zaidi alifukuzwa. Aloyo aliogopa kwamba akiomba maziwa ya wawili, angekosa hata ya mmoja.

"Yuko kwa jirani," alisema. "Nilitaka wagawane kopo moja."

"Ala! Mkubwa abaki nyumbani, mdogo aje kula?" Okullo alicheka. "Mama, hapa si dukani. Tunahesabu watoto, hatuhesabu mama. Kamlete kabla ya saa nane."

Saa saba na nusu Aloyo alisimama tena mbele ya meza, Apio mgongoni, Acen kifuani, jasho likimtiririka. Apio naye alipimwa, kisha Okullo akaandika kadi mbili za maziwa. Aloyo aliomba asomewe majina yote mawili. Alisikiliza kwa makini, akaomba asomewe tena.