Maneno Matatu ya Kifungu cha Kumi na Saba

Kabla hajawa mbunge alikuwa mkunga kwa miaka ishirini na sita, na hata baada ya kula kiapo watu waliendelea kumwita Mkunga. Jina hilo halikumkera. Kilichomkera wiki ile ni maneno matatu yaliyojikunyata mwishoni mwa kifungu cha kumi na saba cha muswada wa afya ya mama na mtoto.

Kifungu chenyewe kilianza vizuri. Mama anayejifungua, kilisema, atakuwa na haki ya kukaa na mtu mmoja amtakaye, awe mume, mama au dada. Halafu yakafuata hayo matatu: "endapo nafasi itaruhusu."

"Nimefanya kazi hospitali nne," alimwambia mwandishi wa sheria wa Bunge, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. "Sijaona hata siku moja nafasi ikiruhusu. Yafute."

"Kuyafuta si shida, Mheshimiwa. Shida ni Waziri akubali. Na kumbuka, mwisho wa kupokea marekebisho ni leo saa sita mchana."

Waziri hakukubali. Mkunga alimkuta kwenye mgahawa wa Bunge saa nne asubuhi, anapuliza chai. Waziri alikuwa daktari wa zamani, wala si mtu wa mizengwe.

"Dada yangu, wodi zetu unazijua kuliko mimi," alisema. "Kina mama sita chumba kimoja. Mume wa huyu akiingia, wale watano wajifiche wapi?"

Mkunga alifungua kinywa abishe, lakini akamkumbuka mama mmoja aliyeuma meno akakataa katakata kusukuma mpaka fundi bomba, aliyekuja kurekebisha sinki, atoke nje. Waziri alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Akatoka hadi kwenye korido, akasimama kando ya dirisha, akampigia mumewe, ambaye ni fundi cherehani.

"Baba watoto, pazia la kuzunguka kitanda linakula mita ngapi?"

"Kitanda chetu?"

"Cha hospitali."

"Unaumwa?" Sauti ya mumewe ikapanda ghafla.

"Siumwi. Natunga sheria."

Akasikia cherehani ikinyamaza na kiti kikiburutwa. Mumewe hakuwa mtu wa kubahatisha mambo ya kitambaa. Aliuliza urefu wa kitanda na upana wake, aliuliza kama kichwani kimeegemea ukuta, aliuliza mkunga akisimama kando anahitaji hatua ngapi za kujigeuza. Mkunga akajikuta anainama pale koridoni, anapiga hatua huku na huku, simu sikioni, mkono mwingine unapokea mtoto asiyekuwepo. Askari wa mlangoni alimtupia jicho, akageukia pembeni kwa adabu.

"Mita tisa," mumewe alisema hatimaye. "Ukilibana litaacha mwanya. Kitambaa kizito kinachovumilia kufuliwa. Na uwaambie lisiburute chini, litabeba uchafu."

Saa tano na nusu alikuwa amerudi mezani kwa Waziri na karatasi aliyoiandika kwa mkono: maneno matatu yafutwe, na mahali pake iandikwe kwamba kila kitanda cha kujifungulia kitazungushiwa pazia. Waziri aliisoma mara mbili. Akauliza pazia litaning'inia kwenye nini, akajibiwa. Akauliza nani kapiga hesabu ya mita, akajibiwa, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Nyumba nzima mko kazini! Haya, pazia naliweza. Wahi kabla ya saa sita."

Mkunga alipanda ngazi mbilimbili. Mwandishi wa sheria akachapa haraka haraka, yeye akatia sahihi, karatasi ikapokelewa zikiwa zimebaki dakika nne.

Mchana ule Bunge zima lilikaa kama kamati kuupitia muswada kifungu kwa kifungu.

"Kifungu cha kumi na saba," Mwenyekiti alisoma. "Sioni marekebisho. Wanaoafiki—"

Mkunga aliinuka, akabonyeza kipaza sauti, hakikuwaka. Hapo hapo sauti nyembamba ikapaa kutoka upande wa pili: "Kuhusu utaratibu!"

Alikuwa mbunge mkongwe waliyemwita Mzee wa Kanuni. Wabunge walizoea kusema kiti chake kina miiba, kwa jinsi asivyokaa kitako. Mwezi uliopita alimkatiza Mkunga katikati ya hotuba kwa sababu tu alimpa Mwenyekiti mgongo. "Basi leo ananimaliza kabisa," Mkunga alijisemea.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," mzee alisema, karatasi ikiwa karibu kugusa pua yake, "marekebisho yapo. Yamechapwa kimakosa kifungu cha sabini na moja, ambacho kinahusu magari ya wagonjwa. Tukiyaacha hivi, tutafunga mapazia kwenye magurudumu. Naomba yasahihishwe kabla hujatuhoji."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti naye akatabasamu, akampa Mkunga nafasi.

Hakusema mengi. "Nimewashika mikono kina mama wengi," alisema, "lakini mikono yangu ni miwili, na mtoto anapokuja yote miwili inakuwa na kazi kwingine. Mama apate mtu wake wa kumshika." Waziri akasimama, akasema Serikali inakubali. Walipohojiwa kwa kura ya sauti, ndiyo ilitikisa ukumbi, na siyo ilitoka kwa bwana mmoja tu wa nyuma, ambaye husema siyo kwa mazoea.

Jioni alimfuata yule mzee mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Yaani wewe unasoma kila karatasi?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa msahihishaji gazetini miaka kumi na tisa. Siwezi kujizuia, hata kadi za harusi nazisahihisha." Akamkazia macho. "Ila kesho kwenye muswada wa ardhi nitakupinga vibaya sana."

"Nipinge tu, mzee wangu. Nitakuja nimejiandaa."

Wakaongozana mgahawani kunywa chai, wakibishana juu ya muswada wa ardhi tangu koridoni. Mkunga alikuwa na njaa, miguu inamuuma, na alijisikia vizuri kuliko siku zote tangu achaguliwe.